MJADALA: Mahakama iliona mali kwenye ardhi ya kimila. Mbona haki ya kuishi inaishia nje ya dirisha la dawa?

Wakuu, kila tukibishana kuhusu mahakama na soko huria tunairuka kesi ya Lohay Akonaay. Baba na mwanawe, wakulima wa mkoa wa Arusha, walidai ardhi yao ya kimila mahakamani, wakashinda, wakarudishiwa. Rufaa ikiwa haijasikilizwa, Bunge likatunga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za namna hiyo katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ule mpango wa serikali wa kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970. Fidia hakuna, na kesi zilizokuwa mahakamani zife.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakataa. Ikasema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Tena ikaenda mbele: hata pasipo nyumba wala mazao ya kuhesabu, aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia.

Naiheshimu sana hukumu ile. Ujamaa ulikuwa unaaga, na mkulima alipewa ngao. Lakini ni ngao ya mwenye mali. Asiye na shamba je? Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa kwa jina la uchangiaji. Huyo akimbilie wapi? Elimu na msaada wakati wa maradhi na uzee vimo ibara ya 11, ambayo ibara ya 7(2) imeiweka mbali na mikono ya mahakama.

Najua hoja ya upande wa pili: jaji hakupigiwa kura, na bajeti si kazi yake. Ni hoja nzito. Ila fidia ya ardhi nayo hulipwa na nani kama si hazina hiyohiyo?

Halafu ibara ya 14 haijafungiwa nje ya mahakama kama ile ya 11. Inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. India nao malengo ya serikali yaliyoandikwa katika katiba yao hayadaiwi mahakamani, lakini mwaka 1985, katika kesi ya Olga Tellis kuhusu waliolala kando ya barabara za Bombay, Mahakama ya Juu ilisema haki ya kuishi hubeba na riziki. Hawakuruhusiwa kubaki pale, kweli, ila mlango ulifunguliwa.

Wanaopinga nijibuni hapo tu: "mali" ilitanuliwa ikafika kwenye ardhi ya kimila. "Hifadhi ya maisha" inazuiwa na nini kufika hospitali?