Moggridge: kutoka kasha la kompyuta hadi ndani ya skrini

Mwalimu wa Himbi, Goma
Jambo wote. Natayarisha somo la Bill Moggridge, msanifu wa Kiingereza aliyebuni umbo la kompyuta ya kukunja GRiD Compass, kwa vijana wanaosomea usanifu wa vyombo. Kwa nini mtu wa maumbo aligeukia programu? Na nitawapa zoezi gani lisilotegemea umeme?

Fundi wa Birere
Mwalimu, anza na GRiD Compass yenyewe, iliyoingia sokoni 1982. Skrini ya inchi 6 inakunjwa juu ya kibodi, na kasha ni la magnesi: gumu, jepesi, tena linapitisha joto nje. Hata hivyo mashine ilikaribia kilo 5, bei ilizidi dola 8,000, na batri haikuwamo. Hilo la batri walisikie mapema, maana wengi hudhani ilifanya kazi popote.

Mchoraji wa Katindo
Jibu la swali la kwanza liko hapo hapo. Moggridge alipoanza kuutumia mfano wa majaribio wa kompyuta hiyo, bawaba na kasha alivisahau upesi. Akili yote ikazama kwenye skrini, sehemu ambayo yeye hakuisanifu. Ndipo yeye na msanifu mwenzake Bill Verplank wakaupa usanifu wa mwingiliano, yaani kusanifu jinsi mtu na mashine wanavyojibizana, jina lake. IDEO, kampuni ya usanifu, aliianzisha baadaye, 1991, pamoja na David Kelley na Mike Nuttall.

Zoezi: mashine ya kulipia kuchaji simu, ya karatasi tupu. Kata A4 vipande vinne. Kila kipande ni skrini moja. Toboa katoni dirisha la sentimita 9 kwa 13, dogo kuliko kipande, kisipite. Kijana mmoja awe mashine: anabadilisha karatasi tu, hasemi neno. Mwingine aandike kila mahali kidole cha mteja kinaposita. Mteja asiwe mmoja wa wanafunzi. Mwite mama muuzaji wa jirani.

Zoezi huharibika "mashine" ikianza kumweleza mteja. Huharibika pia michoro ikiwa mizuri mno, kwa sababu mteja huona aibu kuikosoa. Kalamu nene, bila rula.

Mwalimu wa Himbi, Goma
Asante sana, wakubwa. Skrini ngapi zinatosha?

Mchoraji wa Katindo
Sita. Mojawapo iwe ya umeme kurudi baada ya kukatika: mteja amekwisha lipa, simu iko ndani, skrini inamwambia nini? Wengi huisahau hiyo, nawe uidai kwa kila kikundi.