Mrejesho: chakula cha shule cha kijana wa sekondari

Wapendwa, niliuliza nimfungie nini kijana wa kidato cha pili anayerudisha kontena halijaguswa. Aliyesema "muulize mwenyewe", asante sana! Kumbe kero ni mchuzi wa maharage kuvujia madaftari, na kushika kijiko mbele ya wenzake. Sasa napika chapati jioni. Asubuhi nakaanga mayai na kitunguu, nyanya na hoho, nazungushia ndani ya chapati, rolex ya Waganda kabisa, nafunga kwenye foili. Anakula huku anatembea. Siku nyingine katlesi kutoka friza na ndizi mbivu. Mayonizi sikuthubutu, joto la Dar mnalijua. Mdogo wake wa darasa la saba naye kashadai yake. Wali sasa tunakula Jumamosi tu.