OGL, Creative Commons au ORC: ipi inafaa kwa mchezo wa kuigiza wa Kiswahili?

MrushaDadu_Tanga
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mtu anabeba mhusika na dadu zinaamua yanayompata, tuna mwaka wa tatu sasa: kitabu cha kanuni cha Kiingereza, maongezi ya mezani Kiswahili. Nimeanza kuandika mchezo wetu wenyewe. Wahusika ni mabaharia na wafanyabiashara wa Kilwa, ile aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331, dhahabu ikipanda kutoka Sofala. Hadithi ni yangu. Kanuni sitaki kuzianza upya; nataka za toleo la tano la mchezo wa Kimarekani wa Dungeons & Dragons, nizitafsiri, nitoe majoka niweke majini wa hadithi zetu, kisha niuze kitabu. Kuna leseni tatu zinazoruhusu kutumia kanuni za wengine: OGL 1.0a, Creative Commons BY (CC BY) 4.0 na ORC. Mngeshika ipi?

Sheria_na_Dadu
Kabla ya leseni, jua unaomba ruhusa ya nini. Hakimiliki inalinda maneno, hailindi wazo wala utaratibu. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS unasema hivyo kwenye kifungu cha 9, na Tanzania na Kenya zote zimo. Kurusha dadu ya pande 20, kujumlisha uwezo wa mhusika na kulinganisha na kiwango cha ugumu: hilo halina mwenyewe. Ila ukichukua aya za kitabu ukazitafsiri, umegusa kazi ya mtu, na hapo ndipo unapohitaji leseni.

NahodhaMstaafu
Mimi OGL nimeishi nayo, acha niieleze. Wizards of the Coast, kampuni yenye Dungeons & Dragons, waliitoa mwaka 2000 pamoja na toleo la tatu. Hesabu yao ilikuwa kwamba wengine wakiandika visa, kitabu kikuu cha kanuni kitauzika zaidi. Mwaka 2008 wakaja na toleo la nne chini ya leseni nyingine, kali kuliko ile. Paizo, wachapishaji wengine, hawakuwafuata. Walibaki na kanuni za zamani, na 2009 wakatoa mchezo wao, Pathfinder. Mwenye nyumba alihama, mpangaji akabaki na mkataba wake mkononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya OGL.

Udhaifu wake ulionekana Januari 2023. Rasimu ya OGL 1.1 ilivuja, ikidai mrabaha hadi asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka, na ikisema 1.0a si toleo lililoidhinishwa tena. Tatizo lilikuwa kwenye maneno. Leseni ya 2000 inasema ni ya kudumu, lakini haikuandika popote kwamba haiwezi kubatilishwa. Watu walikuwa wamejenga biashara za miaka 20 juu ya pengo hilo. Wachezaji walipaza sauti, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma: 1.0a ikaachwa ilivyo, na kanuni za msingi, SRD 5.1, zikawekwa pia chini ya CC BY 4.0, inayotaka tu umtaje mwenye kazi. Leseni hiyo inatamka waziwazi kwamba haibatilishwi. Ndugu yangu, shika hiyo.

BintiShela
Nakubaliana na Nahodha, ila msiipite ORC haraka. Paizo waliianzisha mwezi uleule wa Januari, ikaandikwa na mawakili wa Azora Law, na haimilikiwi na mchapishaji yeyote. Uzuri wake ni kwamba anayechota kanuni lazima naye aache kanuni zake wazi kwa wengine, huku hadithi, majina na picha vikibaki vyake. CC BY haimlazimishi mtu kurudisha chochote. Lakini kwako, MrushaDadu, kuna kikwazo: kanuni za D&D hazikutolewa kwa ORC. Ukiitaka hiyo, anza na Pathfinder ya sasa, si ile ya 2009. Chagua kanuni kwanza, leseni inakuja nazo.

Mwl_Ludo
Nami naleta chaguo la nne. Hapa kwetu dadu ya pande 20 ni kuagiza. Dadu za ludo ziko kila duka. Kanuni za Blades in the Dark, mchezo mwingine wa kuigiza, ziko chini ya CC BY 3.0 na zinatumia hizohizo: unarusha kadhaa, unatazama iliyo kubwa. 6 umefaulu, 4 au 5 umefaulu kwa gharama, chini ya hapo mambo yameharibika. Vijana wangu walielewa kabla chai haijapoa.

Sheria_na_Dadu
Kwa CC BY, kumbuka mambo mawili. Weka tamko la kuwataja wenye kazi kama walivyoliandika wao, useme kwamba umetafsiri na kubadilisha. Na jina Dungeons & Dragons lisikae kwenye jalada, kwa sababu alama ya biashara haimo kwenye leseni.

MrushaDadu_Tanga
Asanteni sana. Naenda na SRD kwa CC BY. Imeshatafsiriwa rasmi kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania, na inaniuma kwamba sisi bado. Kwa hiyo hadithi ya Kilwa nabaki nayo, lakini kanuni nilizotafsiri nitaziachia kwa CC BY-SA, inayomtaka anayebadilisha naye aachie kwa leseni ileile, ili mwenzangu wa Bukavu au Lamu asianze upya, na akiboresha nasi tupate. Nimekwama neno moja: ile dadu unayorusha kukwepa sumu au uchawi. Nimeandika "dadu ya kunusurika".

BintiShela
Huku tunasema "dadu ya salama". Wachezaji wanaitamka vizuri wakiwa na hofu.

MrushaDadu_Tanga
Nimeichukua, dada. Jina lako litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani.