Jina "Maasai Hip Hop" liliwabeba X Plastaz au liliwafunga?

Ngarenaro_Juu: Wadau, kundi la hip hop X Plastaz wa hapa hapa Arusha walitoa albamu 2004 kupitia OutHere, lebo ya muziki ya Munich, Ujerumani, ikaitwa Maasai Hip Hop. Mashairi mengi ni Kiswahili, sauti ya Kimasai ni ya Merege, Mmasai wa kundi. Jina lile liliwafungulia Ulaya, au lilivisha kundi zima shuka la mtu mmoja? Hoja tu, matusi pelekeni kwingine.

Soweto_Moshi: Liliwabeba, mjadala ufungwe. Mzungu haelewi mistari ya Kiswahili, ananunua lubega. Na tusikuze mambo: unakata sekunde nne za Mmasai anaimba, unazizungusha kwenye biti, kazi imekwisha.

FundiMiksa: "Kazi imekwisha"! Jaribu uone. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo wa Kimasai, anaanzisha, wenzake wanaitikia kwa koo, na wakichangamka mwendo unapanda. Biti yako iko mapigo 92 kwa dakika, haisogei. Mzunguko wa kwanza unakaa, wa nne umeshateleza. Ukiivuta kwa kompyuta zaidi ya asilimia 4 hivi, ule mkoromo unageuka redio yenye betri mbovu. Rekodi waimbaji kwanza bila mdundo masikioni, weka alama mwanzo wa kila kiitikio, ndipo biti iwafuate wao.

Soweto_Moshi: Nyie Arusha kila kitu sayansi. Hip hop ilianza na sahani mbili na maiki.

Kijenge_Chini: Moshi endeleeni na kahawa, hip hop mwaachie wenyewe.

Mmachame_Og: Wenyewe gani? Mlima tunao sisi, nyie mnauwekea bango la safari. Ndiyo hilo hilo mnalomlaumu Mjerumani!

Kijenge_Chini: Taja kundi moja la Moshi. MOJA. Sisi tuna Watengwa, tuna Nako 2 Nako, nisiendelee.

Mmachame_Og: Kuhesabu makundi ni kazi ya karani wa sensa. Jibu hoja ya bango.

FundiMiksa: Mkimaliza kugombea mlima: kosa kubwa la studio zetu ni kukata besi ya kila sauti chini ya 150 Hz kwa mazoea. Kwa rapa sawa. Kwa waitikiaji wa Kimasai umekata wimbo wenyewe, maana nguvu ya koo la mwanaume inaanzia kama 85. Kata chini ya 60, basi. Kisha gitaa la besi lipunguzwe desibeli 3 hapo kwenye 100 wanapoitikia, la sivyo vitu viwili vinagombea kiti kimoja na miksi inavimba tope.

Sakina_Mama: Na shanga? Vile vipuli vya bati vinalia kila mtu akiruka. Kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, ikibana, vinapanda juu ya sauti.

FundiMiksa: Dada umegonga penyewe. Wavue wakati wa kuimba, halafu wavae, waruke, urekodi mlio peke yake uutumie badala ya kayamba. Maiki moja inatosha watu wanane: olaranyani nusu mita, waitikiaji mita moja na nusu. Mvua ikianza kwenye bati, zima mitambo mnywe chai.

Soweto_Moshi: Haya, nimekubali sekunde nne hazitoshi. Lakini wimbo wa jadi hauna mwenyewe, kwa hiyo hapo hakuna wa kulipwa.

Sakina_Mama: Kaka, hapo umepotea kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi. Na aliyeimba ana hakishiriki ya sauti yake hata kama wimbo ni wa babu zake. Andikeni mgawanyo wa asilimia KABLA ya kurekodi, kila mtu asaini, ndipo muende COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Albamu za makundi hufia hapo, wala si kwenye jina.

Kijenge_Chini: Bado nasubiri kundi la Moshi.

Ngarenaro_Juu: Jamani, nimeuliza JINA.

Mmachame_Og: Jina ni bango, nimeshasema. Ingekuwa albamu ya Wachaga mngeiita Mbege Hip Hop.

Kijenge_Chini: Hahaha, hiyo ningenunua.

Soweto_Moshi: Fundi, hiyo 60 ni kwa waitikiaji tu, au na olaranyani?

FundiMiksa: Olaranyani sauti yake iko juu, mpe 90. Ila usikilize kwanza, usikate kwa macho.