Chupa bapa ya kubebea wiski mlimani: nichunguze nini kabla ya kununua?

Mkwea Menengai (Nakuru)

Wanajamvi, salamu kutoka Nakuru. Mimi na wenzangu wawili hutembea kwenye ukingo wa Menengai mwisho wa wiki, na Desemba tunanuia kupanda Mlima Elgon kwa kupitia Kitale. Jioni, hema likishasimama na chakula kikiwa tayari, tunapenda kunywa wiski kidogo. Chupa ya kioo ni nzito, na ikivunjika kwenye mawe itamdhuru mwingine. Nazo chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 5, 2020. Kwa hiyo nataka chupa bapa ya chuma, ile inayokaa mfukoni. Madukani nimeona za bei ya chini kabisa na nyingine ghali zilizovikwa ngozi, na kwa macho siwezi kuzitofautisha. Nichunguze nini, na ukubwa gani unatutosha?

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Ndugu wa Nakuru, kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na ningekusihi uanze na mdomo wa chupa, mahali ambapo wanunuzi wengi hawapatazami. Funga kifuniko polepole ukisikiliza: meno yashikane bila kukwaruza wala kuchezacheza. Ndani yake pawe na mpira laini uliokaa imara, na ukiuchokoa kwa ukucha ukatoka, irudishe chupa hiyo rafuni. Kisha pitisha kidole kwenye mshono wa chini. Uliochomelewa vizuri utauhisi kama mstari mwembamba, ulio sawa kutoka kona hadi kona. Ukigusa matone ya gundi, usinunue, kwa sababu wiski kwa kawaida ina asilimia 40 ya alkoholi, nayo inaweza kuidhoofisha gundi hafifu na kuacha ladha yake kinywani.

Chuma kiwe kile kisichoshika kutu cha daraja la 304, chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, ndiyo maana wengine hukiandika 18/8. Wauzaji watakuambia kuwa sumaku inatosha kukitambua. Haitoshi hata kidogo: yapo madaraja ya chini yenye manganizi nyingi ambayo pia hayavutwi na sumaku, na 304 yenyewe ikishakunjwa huweza kuvutwa kidogo kwenye kona. Ninaloliamini mimi ni maji. Ijaze, uifunge, uifute ikauke, kisha uilaze ubavuni juu ya karatasi ya shashi usiku kucha. Karatasi ikilowa, umepata jibu.

Tena chagua kifuniko chenye mkono unaokishikiza shingoni. Sisi tunaopanda mashua Dunga tunajua kwamba kifuniko kikishatumbukia ziwani, safari ya chupa hiyo imekwisha.

Msafiri wa Elgon (Bungoma)

Fundi amesema kweli. Mimi niongeze habari ya ukubwa. Chupa hizi hupimwa kwa aunsi: ya aunsi 6 huchukua kama mililita 177, na ya 8 kama mililita 237. Kota ya dukani, yaani ile chupa ndogo ya wiski, ni mililita 250, kwa hiyo haitaingia yote, wala usilazimishe, kwa kuwa wiski hutanuka ikipata joto na inahitaji nafasi kidogo. Watu watatu mkinywa toti mbili mbili za mililita 30, mtatumia mililita 180. Aunsi 8 zinawatosha na kubaki.

Mkipanda kutoka Kitale, iliyo kwenye mita 1,900 hivi, kuelekea kilele cha Koitobos chenye mita 4,222, shinikizo la hewa hupungua, na hewa iliyofungiwa chupani husukuma kifuniko. Ifungueni ikiwa imesimama wima, polepole.

Ngozi siipendi. Katika ukungu wa Elgon hulowa, haikauki upesi, na huota kuvu kwenye mishono.

Jambo moja zito zaidi ya yote: wiski haiukingi mwili dhidi ya baridi. Hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ukahisi joto ilhali mwili unalipoteza. Nyweni mkiwa mmeshakula na kuvaa nguo kavu, kamwe si kabla ya kuteremka.

Mkwea Menengai (Nakuru)

Ahsanteni sana. Kuna mzee anayeuza chupa ya zamani, nzito, ya rangi ya kijivu, iliyonakshiwa vizuri. Je, inafaa? Na wiski ikae humo muda gani?

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Huenda hiyo ni pyuta, mchanganyiko wa bati na metali nyingine. Ya kisasa haitiwi risasi, lakini nyingi za zamani zilitiwa, na risasi ni sumu. Kama hujui ilitengenezwa lini na kwa metali zipi hasa, iwe pambo la sebuleni, usiinywee.

Wiski itie asubuhi ya safari. Siku mbili tatu hazina neno. Ikikaa majuma, utaonja chuma. Usitie ndimu, juisi wala kinywaji cha maziwa. Ukirejea nyumbani, suuza kwa maji moto, acha sabuni ya manukato, kisha uigeuze kichwa chini bila kifuniko hadi ikauke kabisa. Na kama haikuja na faneli, nunua ndogo siku hiyo hiyo, maana kwa mdomo mwembamba vile nusu ya kota itaishia mezani.