Naanza Saikolojia ya utangulizi mtandaoni, nishike nini kwanza?

Habari wadau. Kozi inafunguliwa Jumatatu. Nianzie wapi?

Jibu 1: Silabasi kabla ya video yoyote. Hamishia tarehe zote za mwisho kwenye kalenda ya simu, na ukague saa za eneo: jaribio likifungwa saa 5:59 usiku kwa saa za chuo, kwako huenda ni alfajiri. Wengi hupoteza alama hapo, si kwenye maswali.

Jibu 2: Nakazia. Halafu usitegemee kupigia mistari. Maliza sehemu, funga kitabu, andika unachokumbuka, ndipo ulinganishe. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 jinsi usahaulifu unavyokwenda kasi mwanzoni.

Jibu 3: Sura ya ujifunzaji ndiyo huangusha watu. Uimarishaji hasi (kuondoa kero ili tabia iongezeke) si adhabu! Gari linalia mpaka ufunge mkanda. Kelele ikikatika, tabia ya kufunga mkanda inaongezeka. Adhabu hupunguza tabia. Kwa hiyo jiulize kwanza: tabia imeongezeka au imepungua? Kisha: kitu kimeongezwa au kimeondolewa?

Muuliza: Asanteni sana, naanza na kalenda leo.