Shokishoki, mangostini au doriani: kipi kwa kitalu nyumba cha Mwanza?

MkaziNyegezi
Wakuu, habari za humu. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 hapa Nyegezi. Kilikuwa cha nyanya, mnyauko ukanikimbiza. Sasa nawaza matunda ya kule Zanzibar: shokishoki, mangostini, doriani. Nianze na aina moja tu. Mngechagua ipi?

MpembaIgoma
Doriani futa, mkuu. Nimekulia chini ya miti hiyo. Inapita mita 20, na maua yake hufunguka jioni, wachavushaji wakubwa ni popo. Popo utawaingizia wapi humo ndani?

MamaBuswelu
Kabla ya mti, tuzungumze hiyo nailoni. Wazungu wanajenga kitalu nyumba kuzuia baridi. Mwanza baridi gani? Tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, usiku unapoa kidogo basi. Saa saba mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzi 43 ndani ya banda. Miche yangu miwili ya mangostini ilianza kukauka nchani, majani yakawa rangi ya tumbaku, ukigusa yanavunjika.

Nikavua nailoni ya juu, nikafunika neti ya kivuli ya asilimia 50. Mmoja ulikufa. Wa pili ulikaa kimya miezi miwili, kisha ukachomoza jani jekundujekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Niliita majirani waje kuliona!

Adui wa pili ni hewa kavu ya Juni hadi Agosti. Namwagia maji sakafuni jioni, na shinani naweka magugu maji. Yaanike juani kwanza, mabichi yanaota.

FundiMiche
Mama kamaliza. Mimi ni shokishoki, ila ya kubebeshwa, yaani mche uliounganishwa kikonyo cha mti unaozaa. Ukipanda mbegu, karibu nusu ya miti huwa madume, na utalijua hilo baada ya kuimwagilia miaka mitano au sita. Ya kubebeshwa huanza kuzaa miaka mitatu hadi minne.

MamaBuswelu
Hapo hujaitendea haki mangostini, kaka. Haihitaji dume, na mche wa mbegu hufanana na mama yake.

FundiMiche
Kweli, mama. Lakini miaka minane, kumi? Na mizizi yake haipendi kuguswa, ukihamisha vibaya inagoma. Mwenzetu alitoka kwenye nyanya za miezi mitatu, atachoka kungoja.

MkaziNyegezi
Nishachoka kusoma tu, haha. Basi shokishoki. Kwenye pipa lililokatwa nusu au ardhini? Udongo wangu ni mchanga mtupu wa miamba, maji hayakai. Halafu vidudu vya ziwani nikiacha taa vinajaa kwenye neti mpaka naona giza.

FundiMiche
Ardhini. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya samadi iliyooza vizuri na udongo wa juu. Pipa litakubana mti ukishika kasi, na utakuwa unapogoa kila mara. Na taa uzizime.

MpembaIgoma
Miche ikitoka pwani, usikubali iwekwe kwenye buti la basi. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, mle ndani ni tanuri. Yangu niliibeba miguuni, nimeifunga gunia bichi. Kondakta alinidai nauli ya mtoto.